Nyumba ya vyumba vitatu nayo lazima mkandarasi aliyesajiliwa?

Mwana wa Chanika: Wakuu, heshima kwenu. Nina kiwanja Chanika, najenga vyumba vitatu, sebule na jiko. Fundi wangu ndiye aliyejenga kwa kaka Mbezi na kwa shemeji Goba, hakuna ufa hata mmoja. Msingi umefika kwenye jamvi, wakaja wakaguzi: bango liko wapi, mkandarasi ni nani? Kazi imesimama, mchanga tripu mbili unaliwa na mvua. Fundi kaambiwa akajisajili. Haya, asajili jina la biashara BRELA, apate TIN ya mlipakodi, awe na mtaalamu mwenye cheti, aonyeshe vifaa, ndipo Bodi ya Makandarasi imfikirie kwa daraja la saba, la chini kabisa. Mtu ana koleo, pimamaji na pikipiki! Hii ni haki?

Nguzo Nane: Ni haki. Tumechoka kufukiwa na mafundi maiko, hawa wa kubahatisha. Kariakoo Novemba 2024 watu walilia chini ya kifusi siku ngapi? Leo unatulilia pikipiki.

Mwiko wa Chuma: Fundi maiko ni baba yako. Nina miaka 19 kwenye hii kazi, nimeanza saidia fundi Manzese nabeba zege kwa ndoo. Hao mainjinia wako wakija saiti wananiuliza mimi ringi za nondo tunazipanga kwa nafasi gani. Lile ghorofa la mjini lililoanguka 2012, ni mimi?

Kigamboni Mpya: 2013 mkuu. Machi 29, Ijumaa Kuu, mtaa wa Indira Gandhi, ghorofa 16.

Mwiko wa Chuma: Sawa, 2013. Nimeuliza ni mimi?

Nguzo Nane: Nimerusha jiwe gizani, nimesikia "yalaa". Kumbe limempata mtu.

Karani Mstaafu: Sheria ya usajili wa makandarasi ni ya 1997, siyo ya juzi. Na mleta mada, kibali cha ujenzi unacho? Chanika ni Ilala, kibali ni cha Jiji.

Mwana wa Chanika: Kibali kiko kwenye mchakato mzee wangu. Tusitoke nje ya mada.

Karani Mstaafu: Haya.

Mama Salma: Mimi nilichukua huyo huyo mkandarasi wenu wa daraja la saba. Nilimwona siku ya kusaini na siku za kudai hela, basi. Aliyejenga ni fundi wa mtaani, ila bei ilishapanda. Baadaye nikasikia cheti alichosajilia kampuni ni cha kukodi, mwenye cheti yuko Mwanza anakula samaki. Na tofali walikuwa wanafyatua 45 kwa mfuko mmoja wa saruji!

Mwiko wa Chuma: Umeona sasa? Dada kamaliza kila kitu.

Bloku Tabata: 45 mbona kawaida dada. Inchi ngapi?

Mama Salma: Inchi 6.

Kigamboni Mpya: Inchi 6 kwa 45? Hizo ni kashata. Mwisho 30.

Bloku Tabata: Nyie mnaongea tu. Nikifyatua 30 nani atanunua? Mteja anashuka kwenye gari kubwa anataka tofali la bei chee. Halafu ukuta ukipata ufa, "fundi maiko".

Nguzo Nane: Ndiyo maana nikasema wasajiliwe.

Bloku Tabata: Usajili unaongeza saruji kwenye tofali?

Kigamboni Mpya: 😂😂

Karani Mstaafu: VETA, kwenye mafunzo ya ufundi, kuna utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Fundi aliyejifunzia mtaani anapimwa kwa anachokijua, anapewa cheti. Mafundi anzieni hapo.

Mwiko wa Chuma: Ninacho mzee, kiko ukutani sebuleni. Hakuna mteja aliyewahi kukiuliza. Wanauliza "utanipunguzia ngapi".

Mama Salma: Mimi sikuuliza pia, nakiri.

Mwana wa Chanika: Wakuu, mbona mmehamia kwenye tofali? Nimeuliza kuhusu usajili, mchanga wangu unaisha.

Bloku Tabata: Mchanga wa wapi? Isije ikawa wa pwani, ule una chumvi.

Mwana wa Chanika: Wa Mpiji.

Kigamboni Mpya: Huo mzuri. Sasa usizidishe 30 kwa mfuko.

Mwana wa Chanika: Nilishafyatua zote. Fundi alinitolea 42.

Nguzo Nane: Yule wa Goba?