Tupeane uzoefu: friji za vioo za biashara, kabla hujaambiwa "gesi imeisha"

Bucha Mbagala (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi huu ni wa wenye bucha, wauza mtindi, wa keki, wa samaki, wa kuku, wote mnaoweka mali kwenye vioo mteja aione. Naomba tupeane uzoefu wa hizi friji za displei, ilisumbua nini, chanzo kilikuwa nini, mkafanyaje. Nimeuleta kwa sababu nimechoka kusikia neno gesi. Friji ikigoma kupoza fundi anafika hata begi hajaweka chini ameshasema gesi imeisha bosi, unatoa hela, inapoza wiki mbili tatu imerudi pale pale. Jamani gesi haiishi kama mkaa, inazunguka humo humo ndani ya mabomba miaka na miaka, ikipungua ujue kuna tundu, na kama hakuna aliyetafuta tundu umelipia kitu kitakachotoka tena.

Naanza na yangu. Friji yangu ya nyama ilikuwa usiku inapoza safi, asubuhi nakuta nyama iko poa, ikifika saa saba mchana nyama inatoa maji na rangi inaanza kubadilika, na uniti za luku zinakimbia vibaya mno. Fundi wa kwanza akasema gesi. Nikamuuliza hiyo gesi inaisha mchana usiku inarudi? Akakosa jibu. Nikamtafuta mzee mmoja fundi wa siku nyingi, huyo kabla ya chochote akafungua ile grili ya chini akamulika tochi, kondensa (yale mabomba yenye mapezi yanayotoa joto nje) haionekani, limekaa blanketi la vumbi lililochanganyika na mafuta. Akapiga brashi taratibu kufuata mapezi yalivyosimama, asiyapinde, akapuliza na bloa, akavuta friji kutoka ukutani ipate hewa nyuma. Joto lote linalotolewa kwenye nyama linatokea pale kwenye kondensa, pakiziba halina pa kwenda, kompresa (ile mota inayosukuma gesi) inachemka, na mchana wa Dar wa Februari ndio inazidiwa kabisa, usiku hewa ikipoa kidogo inajitahidi.

Halafu akaniuliza kitu ambacho hakuna fundi aliyewahi kuniuliza, nyama yako inatoka machinjioni saa ngapi? Nikamwambia alfajiri inatoka Vingunguti moja kwa moja inaingia kwenye kioo. Akasema mwanangu hiyo nyama bado ina joto la ng'ombe, na friji ya kioo imetengenezwa kutunza kilichokwisha poa, haina nguvu ya kupoza mzigo wa moto. Kwa hiyo sasa nyama inaanzia kwenye friza ya nyuma, ikipoa ndio inakuja mbele, tena kidogo kidogo. Kompresa siku hizi inazima na kuwaka kama inavyotakiwa.

Mama Mtindi, Arusha

Asante kaka kwa uzi. Mimi nauza maziwa na mtindi, nina friji ya mlango wa kioo ya kusimama. Yangu ilikuwa rafu ya juu chupa zinaganda barafu, ya chini maziwa yanachacha. Fundi akataka kubadilisha themostati. Nikasema subiri, nikachukua glasi ya maji nikaweka kipimajoto ndani nikaiacha rafu ya chini usiku kucha, nyingine rafu ya juu. Nawashauri wote fanyeni hivi, ile namba inayoonyesha nje kwenye kioo ni ya hewa pale sensa ilipo, sio ya maziwa yako. Juu ilikuwa karibu na sifuri, chini nyuzi 11! Maziwa yanatakiwa chini ya 5.

Kumbe binti wa dukani alikuwa anapanga mapakiti hadi yanagusa ukuta wa nyuma, hewa inayotoka kwenye feni juu inagonga mapakiti inarudi, huku chini haifiki. Rafu zina vitundu kwa sababu, hewa lazima ipite. Akapanga upya akaacha nafasi nyuma na pembeni, akatoa na lile boksi alilotandika kwenye rafu ili zisichafuke. Hakuna aliyelipwa hata mia.

Na mpira wa mlango wadada tusiuache. Mimi nabana noti kwenye mlango naivuta, ikitoka kirahisi pale mpira umelegea. Naosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, maziwa yakimwagikia mpira unanata, binti akivuta mlango kwa nguvu unachanika.

fundi_baridi

Mimi ni fundi, nimesoma veta na niko mtaani miaka mingi, naomba nitetee na kukosoa wenzangu kwa pamoja. Ni kweli gesi inasingiziwa sana lakini pia zipo friji ambazo gesi imevuja kweli, kwa hiyo wateja msije mkakataa kila kitu. Tofauti inaonekana kwa macho na mkono kabla hata hujafunga geji za kupima presha.

Gesi ikipungua, kompresa inafanya kazi bila kupumzika ila mabomba ya kondensa hayana joto la maana, ukifungua kule kwenye evaporeta (mabomba ya ndani yanayopoza) unakuta barafu imeshika bomba la mwanzo tu kwingine pakavu. Kondensa ikiziba ni kinyume chake, kompresa ya moto huwezi kuishika, umeme inaovuta uko juu, inajizima yenyewe ikipoa inawaka. Na ukikuta evaporeta nzima imekuwa jabali la barafu hiyo sio gesi kabisa, hapo ama feni ya ndani imekufa, ama mlango unaachwa wazi, ama difrosti (mfumo wa kuyeyusha barafu) haifanyi kazi, hita imekatika au taima imekwama. Hapo wengine wanazima friji barafu inayeyuka wanaiwasha inapoza wanasema nimetengeneza, baada ya siku chache jabali limerudi.

Kuna ugonjwa mmoja unachanganya wengi. Friji inapoza vizuri, ghafla inaacha, ukiizima ukaiacha muda ukawasha inapoza tena, halafu inaacha tena. Hayo ni maji ndani ya mfumo. Tone dogo tu likifika mwisho wa kapilari (kibomba chembamba kinachopeleka gesi kwenye evaporeta) linaganda linaziba njia, ukizima linayeyuka. Yanaingiaje? Fundi alifungua mfumo akaziba tundu akajaza gesi bila kuvuta vakyumu (kunyonya hewa na unyevu wote kwa pampu), anasukuma hewa kwa gesi kidogo anasema imetoka. Haijatoka. Muulize fundi wako ana pampu ya vakyumu? Filta ya kunasa unyevu umebadilisha? Filta inabadilishwa kila mfumo unapofunguliwa, ni kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na kompresa. Na tundu linatafutwa kwa naitrojeni na povu la sabuni, sio kwa kukisia.

La mwisho soma kibati cha kompresa ujue aina ya gesi. Kama kimeandikwa R404A inajazwa kwa mzani na inaingia ikiwa maji maji kwa sababu ni mchanganyiko wa gesi tatu, ukiingiza mvuke unaingiza mchanganyiko usio sahihi. Kama kimeandikwa R290 na ile pembetatu ya njano yenye moto, hiyo ni propani, inawaka. Usikubali mtu awashe tochi ya kulehemu kwenye chumba kimefungwa, na usikubali aweke R134a kwa sababu ndiyo aliyonayo kwenye begi. Kompresa ile na kapilari ile vimepigiwa hesabu ya gesi yake. Hili linaniuma, nimeona madogo wanafungua mfumo wa R290 huku jiko la mkaa linawaka pembeni.

Kinondoni hapa

Fundi ubarikiwe. Naomba kuuliza, yangu ni ya soda na juisi, ikiwaka inanguruma nguuu kama sekunde kumi hivi halafu inasema ta, inanyamaza, baada ya muda tena. Fundi anasema kompresa imekufa ninunue nyingine. Inatokea sana jioni.

fundi_baridi

Jioni peke yake? Pima umeme kwanza mkuu, na upime pale pale soketi ya friji wakati inajaribu kuwaka, sio kwenye mita. Jioni kila mtu amewasha, umeme unashuka. Nguvu ya kompresa ya kuanzia haishuki sawa na umeme, inashuka zaidi, umeme ukitoka 230 ukaja 180 inabaki kama asilimia 60 tu. Inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi, ovalodi (swichi ya kulinda kompresa) inakata, ndiyo hiyo ta. Angalia pia kama umeitoa kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu. Ikishindikana cheki rilei na kapasita, vinavyoisaidia kompresa kuanza. Kompresa ndiyo ya mwisho kushukiwa.

Kinondoni hapa

Aisee! Ni ekstensheni, tena ndefu inapita mlangoni na ina feni na tivii.

Bucha Mbagala (mwanzisha uzi)

Na ufunge kile kifaa cha kulinda friji chenye kuchelewesha. Umeme ukikatika ukarudi hapo hapo presha ndani ya mabomba bado haijalingana, kompresa inalazimishwa kuanza ikiwa imebanwa. Dakika 3 hadi 5 za kusubiri zinatosha.

Pwani ya Mombasa

Salaam ndugu zangu, nami niko Mombasa, nina hoteli, displei yangu ni ile ya saladi na achari hapo kaunta. Yangu ilikuwa kweli ni gesi inavuja, na ikizibwa inavuja pengine, evaporeta ya shaba imekuwa na vitundu vidogo kama sindano. Ikabadilishwa evaporeta, mpya nayo haikumaliza muda ikaanza. Fundi alivyokuja akanusa tu, akasema bwana hapa kuna siki. Achari ya embe, ya ndimu, kachumbari, vyote viko wazi ndani usiku kucha, mvuke wa siki unazungushwa na feni unapita kwenye shaba, unaila pole pole. Ongeza chumvi ya bahari huku kwetu kwenye kondensa ya nje.

Tangu hapo kila bakuli la siki lina mfuniko, usiku vyatoka kabisa vyaingia kwenye ndoo. Evaporeta ya sasa tumeagiza iliyopakwa rangi maalum ya kuzuia kutu. Na usafi ndani ni sabuni ya vyombo na maji, basi. Wahudumu walikuwa wasugua na jik, hiyo pia yala shaba na alumini.

Sangara Mwanza

Mimi nauza minofu ya sangara kwenye friza zile za kulala za kioo cha kusukuma. Ninachotaka kusema ni kimoja, ficheni visu. Jirani yangu kijana wake aliona barafu imejaa ukutani akachukua kisu abandue, pssss, gesi yote hewani. Na kwenye friza hizi mabomba yamefichwa ndani ya ukuta na povu, kuziba tundu pale ni shughuli pevu, friza ile hadi leo anawekea mifuko ya sembe. Sisi kila barafu ikifika unene wa kidole tunahamisha samaki, tunazima, tunaacha wazi iyeyuke yenyewe, tunakausha ndipo tunawasha, samaki hawarudi mpaka friza ifike 18 chini ya sifuri. Kazi inafanyika Jumapili usiku mzigo ukiwa mdogo.

Keki Tanga

Naomba msaada kabla uzi haujapotea. Friji yangu ya keki vioo vinatoa jasho, mteja haoni keki, tunafuta na kitambaa siku nzima. Ndani ni nyuzi 4 hakuna keki iliyoharibika. Fundi kasema (mtakisia) gesi.

fundi_baridi

Dada kama ndani ni nyuzi 4 gesi imefanya nini tena? Ndani pako sawa, tatizo liko upande wa nje ya kioo. Hewa ya Tanga ina unyevu mwingi, ikigusa kioo baridi inaacha maji. Niambie, jasho liko nje au ndani ya kioo? Friji iko karibu na nini? Na shika fremu ya kioo pale chini, ina uvuguvugu au ni baridi?

Keki Tanga

Liko nje. Iko mkabala na mlango wa jikoni, oveni na sufuria za kuchemsha maji ziko pale pale. Fremu ni baridi.

fundi_baridi

Mvuke wote wa jikoni unakuja kutua kwenye kioo. Hamisha friji au mlango wa jikoni ufungwe, hata pazia la plastiki zito linasaidia. Feni ndogo ipulizie kioo kwa nje ni sawa, yako imefungwa kwa vioo pande zote, ila wenye zile displei zilizo wazi mbele wasithubutu, feni ya dari peke yake inavuruga pazia la hewa ya baridi na mali inapata joto. Halafu fremu kuwa baridi sijaipenda, friji nyingi za keki zina waya wa hita unaozunguka kioo. Zima, chomoa, fundi apime ule waya na mita.

Keki Tanga

Nimerudi. Waya wa hita ulikuwa umekatwa na panya chini ya kaunta, fundi kaunga na kuupitisha kwenye bomba la plastiki, tumefunga na pazia mlango wa jikoni. Tangu juzi hatujashika kitambaa isipokuwa asubuhi ile kidogo tukiosha sakafu. Swali jingine, kwenye tundu la maji ndani kuna harufu na maji yanajaa chini ya trei, nalo ni la fundi?

Mama Mtindi, Arusha

Hilo mwenyewe dada. Toa trei, mwagia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kwenye tundu, zibua kwa mrija laini sio waya wa chuma. Krimu ya keki inaganda mle ndani. Ukimaliza mwaga jagi la maji uone kama yanafika kwenye beseni la nyuma juu ya kompresa, yakifika umemaliza.