Kuzunguka dunia kwa pasipoti ya Tanzania: nianze na nini?

Mpimaji_Nyegezi

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mpimaji ardhi, niko Mwanza. Mwajiri amenikubalia likizo bila malipo ya miezi tisa kuanzia Januari, na nataka niitumie kuzunguka dunia: nitoke upande mmoja, nirudi nyumbani kwa upande wa pili. Hamu hii ninayo tangu sekondari. Sehemu ya fedha iko benki, nyingine iko kwenye kikoba tutakachovunja Desemba. Sina mke wala mtoto, ila mama yuko Magu na mimi ndiye ninayemhudumia.

Nimepanga hivi: Ulaya kwanza kwa sababu kaka yangu anaishi Hamburg, halafu Marekani, Meksiko, Peru, Australia, Japani, Singapore, nyumbani. Nimesoma sana maandiko ya wazungu waliozunguka, lakini wao wanajadili begi na viatu. Habari za viza hawana. Tuko Juni, nina miezi sita. Nianze na tiketi, viza au chanjo? Na kama humu yupo Mtanzania aliyezunguka kweli kwa fedha yake, naomba anielekeze.

Kijana_wa_Kino

Mkuu kata tiketi kwanza, bei zinapanda kila siku. Mengine yatajipa mbele ya safari.

Sista_Kibosho

Kaka Mpimaji, hongera kwa kupata ruhusa. Tiketi usikate bado, tafadhali. Mimi ni muuguzi mstaafu, na mzunguko huo nimeufanya na mdogo wangu wa kike. Kwa pasipoti yetu safari hii inapangwa na kalenda ya viza, ramani inafuata baadaye.

Chukua Japani. Viza yao ya utalii ya kuingia mara moja inadumu miezi 3 tangu siku ilipotolewa. Usipoingia ndani ya muda huo, imekufa. Na wanataka uombe kule unakoishi, yaani kwa ubalozi wao Dar. Wewe Japani umeiweka karibu na mwisho. Utaiombea wapi? Ukibisha hodi Lima, kule Peru, watakuambia rudi kwenu. Marekani nayo, hata kama unabadilisha ndege tu kiwanjani, lazima uwe na viza, maana kila anayetua anapita uhamiaji. Tiketi ya Tokyo kwenda Lima kupitia Los Angeles utaiona ina bei nzuri, ukifika kaunta hupandi.

Sisi tuligeuza tukaanza mashariki. Malaysia na Singapore Mtanzania haombi viza, na Ufilipino unapewa siku 30 mlangoni. Tulizunguka huko viza ya Japani ikiwa tayari imebandikwa kwenye pasipoti, tukaingia Japani kabla muda wake haujaisha. Kutoka Narita, kiwanja cha Tokyo, kuna ndege ya ANA, shirika la Japani, inayokwenda moja kwa moja Mexico City bila kugusa Marekani. Meksiko humruhusu bila viza yao mtu mwenye viza hai ya Kanada, Marekani, Uingereza, Japani au Schengen, yaani ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya. Ile ya Japani ya kuingia mara moja ukishaitumia haihesabiki tena, kwa hiyo sisi tulikuwa na ya Kanada. Kanada inaweza kukupa ya kuingia mara nyingi, hata kufika miaka 10, lakini haivuki uhai wa pasipoti yako. Ndiyo maana nasema pasipoti itangulie: kama yako imebakiza miaka miwili, lipa 150,000 Uhamiaji upate mpya kabla hujaomba viza yoyote. Kutoka Meksiko tulipanda Turkish hadi Istanbul, tukaunganisha Kilimanjaro bila kutoka nje ya kiwanja. Dunia tukawa tumeimaliza.

Ukishakuwa na viza hizo, ndipo tiketi. Ethiopian, Singapore Airlines, ANA na Turkish wote wako Star Alliance, muungano wa mashirika ya ndege, na muungano huo unauza tiketi moja ya kuzunguka dunia: unakwenda uelekeo mmoja tu, unavuka Pasifiki na Atlantiki mara moja moja, vituo hadi 15, muda hadi mwaka, unaanzia na kumalizia nchi ileile. Tarehe unaweza kuzisogeza kama nafasi ipo. Linganisha na bei ya kununua kipande kipande. Mimi niliipenda kwa sababu inaonyesha safari yako yote mpaka nyumbani. Pale Dar binti wa kaunta alifungua pasipoti zetu ukurasa kwa ukurasa, akalaza kidole kwenye viza ya Japani, akauliza, "Na Singapore mnatokaje?" Mdogo wangu akavuta faili lake la plastiki, akamwekea tiketi, hoteli na bima juu ya kaunta kwa mpangilio wa tarehe. Binti akasoma, akalinganisha na kompyuta yake, akabandika lebo za mizigo. Shirika likimbeba mtu asiye na nyaraka linatozwa faini na kumrudisha, kwa hiyo huyo wa kaunta ndiye afisa uhamiaji wako wa kwanza. Mheshimu, na karatasi ziwe mkononi. Simu huzima.

Sasa niseme kama muuguzi, na hapa nakuomba usome taratibu. Wewe unatoka Kanda ya Ziwa. Unaweza kupanda ndege ukiwa mzima, vimelea vya malaria vikiwa damuni, homa ikakushika Kyoto. Daktari wa kule atafikiri mafua, kwa sababu mafua ndiyo anayoyaona kila siku. Malaria yetu inaua ndani ya siku chache ikichelewa. Homa yoyote ikikupata, hasa miezi mitatu ya mwanzo, sema tangu mapokezi: natoka Tanzania, nipimeni malaria leo. Ukiwa Meksiko itaje paludismo, watakuelewa haraka. Beba vipimo vichache vya haraka na dozi kamili ya mseto kwenye boksi lake, na barua ya daktari. Na ukirudi baada ya miezi tisa, lala ndani ya chandarua kila siku kuanzia usiku wa kwanza, maana kinga uliyoizoea itakuwa imepungua.

Kadi ya homa ya manjano huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, na tangu 11 Julai 2016 ni ya maisha, asikudanganye mtu kwamba yako ya zamani imeisha. Ibebe pamoja na pasipoti. Ukikaa kiwanjani Nairobi au Addis zaidi ya saa 12, nchi nyingi huhesabu kwamba umetoka huko. Homa ya ini B ina dozi tatu, ya mwisho ni miezi 6 baada ya ya kwanza. Kwa hiyo ianze wiki hii. Dawa za mafua soma boksi kabla hujapakia: zile zenye pseudoephedrine zaidi ya asilimia 10 Japani ni marufuku hata kama ni zako mwenyewe.

Baharia_wa_Kisauni

Salaam aleikum. Dada Sista amesema kweli tupu, mimi naongeza hali ya hewa, maana nimefanya kazi melini maji hayo yote. Kijana wangu, kwa mpango wako wa kwanza ungefika Ulaya katikati ya baridi, kisha Japani mnamo Agosti au Septemba, na hiyo ndiyo miezi ya tufani upande ule. Ukigeuza kama alivyosema, Ufilipino Februari ni kukavu, Japani Machi baridi inavunjika, na Meksiko utaingia Aprili. Upande wa Karibi msimu wa tufani ni 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo Cancún na pwani yake zimalize Mei.

Jingine ni tarehe. Ukitoka Narita alasiri kwenda Mexico City utashuka tarehe ileile, tena saa za mapema kuliko ulizoondokea. Utaishi siku hiyo mara mbili. Hakikisha chumba umekiweka kwa siku unayofika, usije ukalipia usiku usiolala.

Fedha usiziweke mfuko mmoja. Beba kadi mbili za benki mbili tofauti, moja kwenye pochi, moja ndani ya begi. Yangu iliwahi kumezwa na mashine jioni ya Ijumaa bandari ya mbali, na ile ya pili ndiyo iliyonilisha mpaka Jumatatu.

Mama_Nasra_Tabata

Mwanangu, mimi ni wakala wa fedha za simu na mweka hazina wa kikoba chetu, nina mawili.

La kwanza ni laini yako. Kila ukinunua kitu mtandaoni benki itatuma namba za uthibitisho kwenye simu ya Tanzania. Laini ikipotea ukiwa Tokyo, kuirudisha kunataka kidole chako na namba ya NIDA, na kidole uko nacho Tokyo. Laini isiyotumika muda mrefu nayo hufungwa na kupewa mtu mwingine. Iweke kwenye simu ndogo ya batani, uwashe kila wiki, na kabla hujaondoka waombe kampuni yako wafungue huduma ya nje, kisha uijaribu. Benki waambie wakufungulie kadi kwa matumizi ya nje na wakuandikie kiwango cha kutoa kwa siku.

La pili ni kikoba. Milioni kadhaa zikiingia kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba viza, anayekagua taarifa yako ya benki ataona mtu aliyeazima hela ya kuonyesha. Mwombe mwenyekiti barua yenye mhuri, na nakala ya kurasa zako za daftari zinazoonyesha hisa ulizonunua wiki kwa wiki. Ukiweza, chukua mgao wako mapema.

Na mama yako mwachie utaratibu, usimwachie ahadi. Mtu mmoja awe na hati ya uwakilishi iliyosainiwa mbele ya wakili, aweze kusimamia benki na shamba likitokea la kutokea. Bima yake ya afya ilipe ya mwaka mzima.

Mpimaji_Nyegezi

Shikamooni mama zangu na mzee wangu wa Kisauni. Nimechapa yote haya. Jumatatu naenda Uhamiaji, pasipoti yangu imebakiza mwaka na nusu. Sindano ya kwanza nitachoma kesho. Sista, swali moja: ndiyo kusema Hamburg niisahau? Kaka ana watoto wawili sijawahi kuwaona.

Sista_Kibosho

Usiisahau kabisa, iweke mwisho. Ombi la Schengen hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Ukilipeleka mwanzoni mwa Desemba, unaweza kuomba kuingia mwisho wa Mei au siku za kwanza za Juni, yaani ukitoka Meksiko moja kwa moja. Ada ni yuro 90, na bima lazima ifike angalau yuro 30,000. Viza hiyo itaanza kufanya kazi tarehe iliyoandikwa juu yake, kwa hiyo usiitegemee ikuingize Meksiko Aprili. Hapo bado unahitaji ya Kanada, au uombe ya Meksiko yenyewe ubalozini kwao Nairobi. Kaka yako aende ofisi ya wageni Hamburg aandikishe dhamana ya kukupokea, barua ya kawaida ya mkono haina nguvu hiyo. Kikoba kitakuwa hakijavunjwa, hivyo akiba ya benki ndiyo itakayokubeba, pamoja na barua ya mwajiri inayotaja siku utakayorudi kazini. Ya Kanada omba Julai. Japani subiri mpaka Desemba, usiombe mapema.