Fereti wangu kagoma kula nyama mbichi, nifanyeje?

Kijana wa Pangani
Habari za muda huu wakuu. Niko Marekani, nina fereti. Kwa wasiomjua, ni mnyama mrefu mwembamba, ukoo mmoja na kicheche na nyegere, ila huyu amefugwa na watu zaidi ya miaka elfu mbili na anaishi ndani kama paka. Wangu ni dume, nilimwita Bahasha kwa sababu anaiba barua mezani na kuzirundika chini ya kochi. Niliachiwa na jamaa tuliyepanga naye nyumba alipohama.

Tangu mdogo amekula zile punje kavu za pakiti. Nimesoma sana na kutazama video nyingi, wote wanasema huyu ni mla nyama halisi, utumbo wake mfupi, wanga haumfai, na punje zimejaa mahindi na njegere. Nimeamua kumhamishia nyama mbichi. Nimenunua kuku na mbuzi bucha la halali, nikamkatia vipande vidogo vizuri. Ananusa, anakiburuta kipande hadi kwenye kona anayojisaidia, anakitelekeza hapo. Swali langu ni moja tu: nyama ipi ataikubali? Nawasilisha.

Shangazi Tandika
Nimesoma mara mbili nikidhani macho yangu mabovu. Mbuzi wa bucha, kakatiwa vipande vidogo vizuri, halafu mnyama ndiye anagoma! Huku sisi kilo ya nyama tunaisalimia kwa mbali. Niandikie anwani nije nile mimi.

Mzee Kipara
Babu yangu Muheza alifuga nguchiro, miaka hiyo mashamba ya mkonge bado yana watu. Alimuokota mdogo, akamlea na maziwa ya mbuzi, akakua akawa anamfuata shambani. Nyoka hakukanyaga ule uwanja. Alikuwa akipewa yai anasimama kwa miguu ya nyuma, analirusha kwa nyuma kupitia katikati ya miguu mpaka lipasuke ukutani, ndipo anakula. Siku moja jirani akaja kudai vifaranga vyake, kesi ikafika kwa balozi, babu akalipa jogoo mzima. Kijana mpe yai.

Kijana wa Pangani
Ahsante mzee, lakini nguchiro na fereti ni koo tofauti. Na yai nimejaribu. Naomba tujikite kwenye nyama.

Mswahili Yorkshire
Huku kaskazini mwa Uingereza fereti ni wa kazi. Jirani yangu mzee mmoja, mchimba makaa ya mawe wa zamani, anao kwenye banda nyuma ya nyumba. Asubuhi ya baridi anakwenda nao shambani kwa mtu, anatandaza vyavu juu ya mashimo ya sungura, kila shimo na wavu wake, halafu anamwingiza jike shimoni. Unakaa kimya. Ardhi inaanza kudunda chini ya miguu yako, sungura wanatimka, wanajaa kwenye vyavu. Niliwahi kushika kamba ya wavu mmoja, sungura alinivuta karibu niangukie miiba.

Fereti wake hawali punje. Sungura anatupwa bandani na manyoya yake, asubuhi unakuta vipande vya ngozi tu. Akikosa sungura anawapa vifaranga vya siku moja, vinauzwa vimegandishwa. Lakini hao wamezaliwa wakinusa nyama. Fereti hujifunza chakula kwa pua miezi ile ya mwanzo. Asichokinusa utotoni, ukubwani hakitambui kama chakula. Ndugu, Bahasha hagomi. Umemwekea kitu ambacho kwake ni sawa na soksi.

Nesi wa Wanyama
Nafanya kazi kliniki ya wanyama Minneapolis, fereti tunawaona. Kabla ya nyama ipi, nijibu matatu. Ana umri gani? Kwa sasa anakula nini? Mara ya mwisho kula ni lini?

Kijana wa Pangani
Ni mtu mzima. Anakula kidogo kidogo. Dada, shida yangu ni aina ya nyama tu, nyingine nimeshazielewa.

Nesi wa Wanyama
Kidogo kidogo nini?

Shangazi Tandika
Hapo sasa. Kijana anajibu kama mume aliyeulizwa mshahara.

Nesi wa Wanyama
Nasubiri. Kidogo kidogo nini?

Kijana wa Pangani
Sawa. Punje nimeziondoa tangu jana asubuhi. Nimemwachia nyama na maji. Amelamba damu iliyobaki kwenye sahani, hiyo ndiyo kidogo ninayosema. Kabla hamjanirukia: yule kicheche wa porini wa Ulaya aliyemzaa huyu hapati chakula kwa ratiba. Kuna mtaalamu kwenye video amefanya hivi na wake wakakubali. Mtoto akikataa ugali mnampikia wali? Analala, asubuhi anakula. Tatizo ni huruma za kizungu.

Umri anakaribia miaka sita. Na mate yanamtoka, anajikwangua mdomo kwa makucha. Nadhani ni hasira ya kunyimwa punje.

Nesi wa Wanyama
Hiyo si hasira. Rudisha punje SASA, soma huku unatembea kwenda jikoni.

Chakula kinapita kwenye utumbo wa fereti kwa saa tatu au nne hivi. Ndiyo maana anakula mara nane, kumi kwa siku, vidonge vidogo vidogo. Kumfungisha mzima mwenye afya tayari ni hatari. Sasa weka juu yake umri huo. Fereti wa Marekani wakishapita miaka mitatu, minne, wengi wanapata vivimbe kwenye kongosho. Vivimbe vinamwaga insulini ovyo, sukari ya damu inaporomoka. Dalili ndizo hizo ulizozitaja mwishoni kana kwamba ni nyongeza: mate, kujikwangua mdomo kwa kichefuchefu. Bado hujaniambia miguu ya nyuma ikoje, na kama kuna wakati anatazama ukuta hasikii ukimwita.

Akiwa analegea chukua asali kidogo kwa ncha ya kidole, mpake kwenye fizi. Usimmiminie mdomoni, atapaliwa. Akishaamka tu, mpe chakula chenye protini, kwa sababu asali peke yake itapandisha sukari, kongosho litamwaga insulini tena na atashuka chini zaidi ya mwanzo. Kisha daktari. Leo.

Kijana wa Pangani
Miguu ya nyuma inalegea kidogo, anaburuta akitoka kulala. Nilifikiri ni uzee. Asali ninayo. Kuhusu daktari tutaona.

Mama Zaituni
Mnyama ni amana. Tumehadithiwa yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka, hakumlisha wala hakumwacha ajitafutie. Na wewe umemfungia ndani unamtazama anadondokwa mate. Ukitaka majaribio ya njaa, anza na tumbo lako.

Msomi Njaa
Mimi nakula mlo mmoja kwa siku tangu kidato cha tano na sukari yangu iko vizuri. Bahasha awe mvumilivu.

Mswahili Yorkshire
"Tutaona" ya nini ndugu? Gharama? Sema tujue, watu humu wamewahi kuchangiana.

Mpekuzi Mkuu
Wakuu, mmekaa mnapewa chai na vitafunio. Nimepitia nyuzi zake za nyuma. Mwaka jana huyu huyu alikuwa anatafuta chumba City Heights, San Diego. San Diego ni California. California fereti ni marufuku kufugwa, tangu 1933. Marekani ina majimbo hamsini, ni California na Hawaii tu zinazokataza, na kijana wetu kabahatika kuwa na fereti hapo hapo. Picha hakuna. Jina la mnyama zuri kama la kwenye hadithi ya shule ya msingi. "Niko Marekani", basi, jimbo hasemi. Uzi bila picha ni chai, nawaachia sukari.

Shangazi Tandika
Loo! Nilishaanza kumwombea dua huyo Bahasha.

Msomi Njaa
Nilijua. Mtu gani anaiba barua zama hizi, nani anaandikiwa barua?

Mswahili Yorkshire
Bili zote zinakuja kwa barua huku, wewe.

Mama Zaituni
Kama ni uongo basi namsamehe ya njaa, ila yuko na dhambi nyingine.

Nesi wa Wanyama
Mtunga chai hajui kwamba fereti anajikwangua mdomo sukari ikishuka. Mimi namwamini. Kijana, umempaka asali?

Kijana wa Pangani
Nimepaka. Kakaa kama dakika tatu hivi, kainua kichwa, kalamba kidole. Nimemlainishia punje kwa maji ya vuguvugu, kala. Nimeweka picha hapo chini, kidole ni changu, mnaweza kuhesabu kucha.

Na ndiyo, niko California. Mlitaka nitangaze kwenye jukwaa ambalo hata afisa ubalozi anasoma? Karatasi zangu ziko kwenye mchakato, mwanasheria alishanionya hata faini ya kuvuka barabara vibaya niikwepe. Jamaa aliyeniachia mnyama ni raia, yeye kaondoka zake. Mimi nikiingia kliniki na mnyama wa marufuku, wakipiga simu, nani atanitetea? Ndiyo maana nikatafuta lishe. Nilisoma kwamba wakila nyama mbichi kongosho linapumzika. Sikutaka kumuumiza, nilitaka asifike kwa daktari.

Mpekuzi Mkuu
Picha inaweza kuwa ya mtandaoni.

Mzee Kipara
Mambo ya karatasi yasikieni tu. Mimi 1998 nilitoka Mombasa kwa jahazi na kasuku wa shangazi, wale wa kijivu wenye mkia mwekundu. Bandarini wakaniuliza cheti chake. Nikasema ana umri mdogo hajasoma. Nililala ndani, kasuku akalala kwa mkuu wa kituo, asubuhi kashajifunza tusi jipya.

Nesi wa Wanyama
Mzee hiyo ifungulie uzi wake.

Kijana, sikiliza. Katazo ni la idara ya wanyamapori ya jimbo, na kliniki si ofisi yao. Madaktari wengi huko wanatibu fereti miaka yote, na maduka ya vyakula vya wanyama yanauza punje za fereti waziwazi, unadhani wanazinunua wa nani? Piga simu kwanza bila kutaja jina, uliza kama wanaona fereti. Wakikataa, piga kwingine. La karatasi muulize mwanasheria wako, mimi si mtu wa sheria. Sukari yake ndiyo naijua, na haitasubiri.

La nyama sasa, maana najua utarudi kulekule. Mgonjwa wa kongosho nyama humfaa kuliko punje zenye wanga, hapo hukudanganywa. Ila haiondoi vivimbe. Na uhamishaji ni wa wiki, pengine miezi, punje zikiwepo muda wote. Unasaga nyama ya kuku na moyo wake laini kabisa, unaweka maji iwe kama uji mwepesi, unampaka kidogo kwenye meno anapopiga miayo. Akishalamba mwenyewe, unachanganya na punje zilizosagwa, unapunguza punje taratibu. Vipande vya mnofu mtupu kama ulivyokata haviwezi kuwa mlo: hana pa kupata kalsiamu bila mifupa, na moyo ndio wenye taurini nyingi, kirutubisho anachokihitaji. Ini kiasi kidogo tu, kama sehemu moja ya ishirini. Mifupa iwe mibichi, iliyopikwa inachanika vichane.

Na kwa sasa Marekani mimi nisingempa ndege mbichi. Mwishoni mwa 2024 kule Oregon paka alikufa kwa H5N1, mafua ya ndege, iliyokuwa kwenye chakula kibichi cha bata mzinga. Kugandisha hakuui kirusi. Fereti anashika mafua kirahisi mno, watafiti wa London walikipata kirusi cha mafua ya binadamu kupitia wao, mwaka huo huo wa 1933 anaoupenda Mpekuzi. Kuku chemsha, bila mifupa, bila kitunguu wala chumvi. Mbuzi wako na sungura ndio wabaki wabichi.

Kijana wa Pangani
Nimepiga. Wa kwanza walikata. Wa pili wamesema nije saa nane. Lakini dada, nikitoka huko mpango wa nyama uko palepale, na sioni kwa nini punje zirudi kabisa kabisa.

Nesi wa Wanyama
Punje zirudi mpaka nyama aile mwenyewe. Nimeshasema. Nenda.

Mama Zaituni
Allah amfanyie wepesi. Na wewe upunguze ubishi.

Kijana wa Pangani
Tumerudi. Sukari 51, daktari anasema chini ya 60 na dalili hizo kwa umri huu anashuku kongosho. Kampa prednisoloni ya maji, asubuhi na jioni, na amesema chakula kisikosekane usiku kucha. Hakuna aliyeniuliza karatasi. Nimeambatisha risiti kwa ajili ya wale wa chai, jina nimeliziba.

Nesi wa Wanyama
Dawa sahihi kwa kuanzia. Usiikatishe ghafla ukiona kachangamka, na mpe pamoja na chakula.

Mpekuzi Mkuu
Nimeikuza hiyo risiti. Sehemu ya aina ya mnyama imeandikwa PAKA. Wakuu, mnasikia? Paka.

Kijana wa Pangani
Fomu nimejaza mwenyewe. Ulitaka niandike nini, California?