Naomba ushauri: nina mkanda wa zamani wa The Goodies, niuze kwa bei gani?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu habari zenu. Niko Uingereza, nahudumia wazee. Nina mkanda wa video, VHS, ulioandikwa kwa kalamu "Kitten Kong 1971". Ni kipindi cha The Goodies, wale wachekeshaji watatu wa BBC wenye baiskeli ya watu 3: Tim Brooke-Taylor, Graeme Garden na Bill Oddie. Humo mtoto wa paka analishwa dawa ya kukuza hadi anaangusha mnara wa posta wa London. Kile cha 1971 chenyewe kilipotea. Kilichobaki ni kile walichokitengeneza upya 1972 wakakipeleka mashindano ya televisheni ya Montreux, Uswisi, kikapata Waridi la Fedha. Kuna mtu anautaka huu mkanda. Bei ya haki ni ipi? Siku ya tatu hii silali.

Mama_Twalibu: Lala kwanza mwanangu. Kijana wangu aliuza redio ya babu yake kwa elfu 20. Kila msiba tukikutana lazima itajwe.

Mutura_Base: Hao nawajua! 1975 Oddie alikuwa na karate yake ya Lancashire, silaha ni mutura, ile soseji ya damu, anagonga nayo watu kichwani. Jamaa mmoja wa King's Lynn alicheka dakika 25 akakata roho hapo hapo kwenye kochi. Mkewe akawaandikia barua ya shukrani, kwamba mumewe alikufa kwa furaha. Bei sijui, boss.

Kassimu_Hesabu: Mleta mada, mkanda umeutoa wapi? Umeeleza mpaka paka, hilo umeliruka.

Zamu_ya_Usiku: Kwenye nyumba ninayofanyia kazi.

Kassimu_Hesabu: Ya nani?

Zamu_ya_Usiku: Ya mzee ninayemhudumia. Kavunjika nyonga, yuko hospitali. Nilikuwa napanga kabati lake. Lakini tuelewane: deki yake ilishakufa, hana pa kuuchezea. Binti yake yuko Australia, alisema makorokoro yote yatupwe. Ningetii, saa hizi mkanda ungekuwa jalalani. Halafu mnunuzi keshanitumia kianzio, pauni 50.

Ustadhi_Mwanga: Kumbe ulishauza, unatafuta wa kukubariki. Mgonjwa alikuachia funguo za nyumba yake. Hiyo ni amana, ndugu yangu.

Fundi_Tivii: Hii chai. Nimefungua deki za video tangu kijana. VHS imetoka Japani 1976. Huyo mzee alirekodije 1971?

Mutura_Base: Chai ya maziwa kabisa. Weka picha.

Mama_Twalibu: Na mimi nimeshamwombea dua!

Zamu_ya_Usiku: Si chai. Picha siweki, jina la mzee liko kwenye kasha. Lebo imekuwa ya njano. Mgongoni mwa mkanda, kwenye ile kona yenye kidude cha plastiki, kidude hakipo. Pamezibwa na selotepu imekauka, ukigusa inabanduka kama ganda la kitunguu.

Fundi_Tivii: Hapo nakuamini, mtunga hadithi asingejua hiyo selotepu. Kidude kinavunjwa ili mtu asirekodi juu yake. Ukiziba tundu, deki inakubali kurekodi tena. Yaani kuna mtu aliulinda mkanda, halafu yeye au mwingine akaurekodi upya. Paka anaweza kuwa yule wa 1972 aliyerudiwa kuonyeshwa, au hayumo kabisa. Unaweza kukuta harusi ya huyo binti.

Kassimu_Hesabu: Au sauti ya mkewe.

Zamu_ya_Usiku: Mkewe alifariki mwaka juzi. Picha yake iko juu ya hilo kabati.

(saa mbili baadaye)

Zamu_ya_Usiku: Pauni 50 nimezirudisha, jamaa kanitukana sana. Mkanda uko kwenye begi la kazi. Jumamosi naenda wodini, nitamuuliza mzee mwenyewe humo kuna nini.

Fundi_Tivii: Usiuchezeshe kwenye deki yoyote kabla haijasafishwa, inaweza kuutafuna. Na utuletee mrejesho.