Tupeane uzoefu: kuizunguka Kigoma na Ujiji kwa baiskeli

Mtoto wa Stesheni
Wakuu, salaam.
Jana jioni nilikaa pale stesheni namsubiri mtu, nikamwona kijana anateremka barabara ya Lumumba na baiskeli. Nyuma kafunga madumu mawili ya mawese, miguuni kandambili, unyayo mmoja kaukandamizia tairi la mbele kuisaidia breki. Moyo ulinilipuka, maana nilipokuwa na miaka 14 nimeteremka hivyo hivyo na mzigo huo huo.
Sasa wapwa zangu wawili wanakuja kutoka Dar mwezi wa saba. Wanataka niwazungushe mji wote kwa baiskeli: stesheni, Kibirizi, Katonga, mpaka Ujiji. Wao wamezoea Masaki na Oysterbay, wanadhani mji ukiwa kando ya maji basi ni tambarare. Waliozunguka mtueleze: mlianzia wapi, mlishindwa wapi, kipi kiliwakuta.

Mgebuka Mkavu
Kilima cha Lumumba nakijua kwa magoti yangu. Niko hapa nasoma.

Bibi wa Kasingirima
Mwanangu, usiwaanzishe chini stesheni. Ukianzia huku, watapanda mpaka Mwanga na roho mkononi, na hamu yote itaishia hapo. Wapeleke Mwanga kwa bajaji, baiskeli juu, ndipo waanze. Kutoka Mwanga kwenda Ujiji barabara inateremka polepole, mtoto anakanyaga huku anaongea. Mimi nimepakiwa kwenye kerea na marehemu mume wangu njia hiyo miaka mingi, upande upande, na kapu la mihogo mapajani, sijadondoka hata siku moja.
Halafu mwambie mgeni wa Dar kwamba saa kumi na mbili asubuhi huku bado ni giza. Jua letu linatoka karibu saa moja. Wasikuamshe bure mkaingia mashimoni.
Wakifika Ujiji waonyeshe mwembe wa Livingstone.

Luiche
Bibi, shikamoo. Ila mwembe wenyewe haupo. Ule waliokutania Livingstone na Stanley mwaka 1871 ulishakufa zamani. Iliyopo inasemekana ni miche iliyotokana na ule wa kwanza. Tuwaambie watoto ukweli.

Bibi wa Kasingirima
Marahaba. Mtoto wa mwembe ni mwembe. Wewe babu yako amekufa, ukoo umekwisha?

Luiche
Haujaisha bibi. Nimekubali nusu.

Mwisho wa Reli
Mnaongelea mwembe mmoja wakati Ujiji yote ni miembe! Ile ni njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo ikapita Tabora, watu walipita kwa miguu na pembe na minyororo shingoni. Mimi nikipita pale na baiskeli huwa nashuka, nasukuma. Siwezi kupita njia ile nimekaa.

Mtoto wa Stesheni
Hilo nitawaambia wapwa zangu. Ahsante sana.
Na Katonga je? Hapo ndipo napaogopa.

Fundi Spoku
Umeitaja Katonga na mimi nimeshindwa kunyamaza.
Mwaka 1996 baba alinituma dagaa Katonga. Nilikuwa darasa la sita. Baiskeli ilikuwa Phoenix ya inchi 28, zile za breki za vyuma, na mimi sikuwa nafikia vizuri pedali nikikaa kwenye kiti. Mdogo wangu, miaka 7, akalia mpaka nikampakia nyuma. Mama alikuwa sokoni, hakuna wa kutuzuia.
Kupanda Bangwe tulisukuma. Tulipofika juu, anayejua pale anajua: ziwa lote linafunguka mbele yako. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vumbi hakuna, milima ya Kongo inaonekana kama unaweza kuigusa. Nikamwambia mdogo wangu ashike kiuno changu, tukaachia.
Mteremko ulipokaza nikabana breki ya nyuma. Raba ikachomoka, nikasikia chuma tupu kinasaga rimu. Nikabana ya mbele, haikushika kitu. Nikaweka unyayo kwenye tairi kama kijana uliyemwona wewe, kandambili ikakatika, ngozi ya kisigino ikafuata. Mdogo wangu ananiita tu, "Kaka, simama. Kaka, simama." Na mimi sina sauti ya kumjibu. Kulia mawe, kushoto mtaro. Mbele kijiji, na baada ya kijiji mchanga, na juu ya mchanga wale kina mama wameanika dagaa.
Nilipiga kengele tangu juu mpaka chini. Ile kengele ndiyo iliyotuokoa, na ndiyo iliyowaokoa wao, maana watu walitawanyika kuku na watoto pamoja. Tukapita katikati ya nyumba, tukaingia mchangani, gurudumu la mbele likazama, tukaruka wote wawili. Tuliburuzika juu ya dagaa wa mtu, wa usiku mzima, nusu wakafukiwa mchangani.
Mkono wa mdogo wangu ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi.
Mwenye dagaa ndiye aliyefika wa kwanza. Sikumwona akitazama dagaa zake hata mara moja. Alichana kitenge chake, akaomba kipande cha ubao kwa mafundi mitumbwi, akaufunga ule mkono huku anamwimbia mtoto. Wavuvi wakatupakia kwenye boti ya mashine mpaka mjini. Kesho yake baba alikwenda na pesa kumlipa. Akazikataa. Baba akarudi nazo, akaziweka mezani, akanyamaza siku nzima. Mimi sikupigwa. Ningepigwa ningepona mapema.

Mgebuka Mkavu
Pole sana kaka. Nimesoma mara mbili.

Dada Kibirizi
Fundi, mimi nimekulia kwenye dagaa, acha niwaambie ambao hawajui. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanalala, hakuna kitu. Kwa hiyo mama anayeanika ana siku chache za mwezi kupata chake, na mara nyingi dagaa zenyewe amechukua kwa mkopo asubuhi ile. Akizianika akazipoteza, deni linabaki palepale. Mama yule hakukataa pesa kwa sababu alikuwa nazo nyingi.

Luiche
Basi mzee wako angelazimisha! Mtu akikataa mara ya kwanza ni adabu tu, unaziacha kwa jirani yake unaondoka.

Dada Kibirizi
Luiche, hulazimishi fadhila. Mama kakataa mbele ya watu, ukimwachia jirani umemwaibisha.

Luiche
Aibu inalipa deni? Wewe mwenyewe umesema deni linabaki.

Mwisho wa Reli
Jamani, baba wa mtu mnamhukumu baada ya miaka yote hii. Mdogo wako anaendeleaje, Fundi? Mkono ulipona?

Fundi Spoku
Ulipona, lakini haunyooki wote. Anafundisha sekondari, anaandikia ubaoni kwa mkono wa pili.
Luiche na Dada, msigombane. Nilipoanza kujitegemea nilikwenda Katonga kumtafuta yule mama, nikaambiwa amefariki. Binti yake nikamkuta anaanika palepale. Nikampa nilichokuwa nacho, akapokea, akanipimia kopo la dagaa nipeleke nyumbani. Hatukuongea mengi.

Bibi wa Kasingirima
Hapo umefanya vizuri, baba. Mungu amrehemu huyo mama.

Mzee wa Gungu
Turudi kwa wapwa. Katonga waende, ni pazuri mno, ila mteremko washuke kwa miguu wote. Tairi wapunguze upepo kidogo, barabara ina kokoto.

Luiche
Wapunguze upepo wapate pancha za rimu! Tairi ijazwe igonge kama jiwe.

Mzee wa Gungu
Kijana, nimeendesha baiskeli Kigoma tangu kabla hujazaliwa.

Luiche
Na mimi nimeziba pancha zenu nyote mliopunguza upepo.

Dada Kibirizi
Kibirizi kuna tambarare, wakaone boti zinavyopakia kwenda Gombe. Ila ziwa lilipopanda 2020 na 2021 lilikula sehemu za ufukwe, kwa hiyo njia ya kandokando mliyoikumbuka utotoni msiitegemee. Ulizeni wenyeji palepale.
Mkiwa kule juu ya Bangwe mkipumzika, wasimulieni habari za meli ya Liemba. Iliundwa Ujerumani 1913, Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi majini kazini 1927. Mwanangu niliposimulia hivyo alisahau kuwa miguu inamuuma.

Mgebuka Mkavu
Na maji ya kunywa, wakuu. Mtu wa pwani anaona ziwa anadhani kuna ubaridi. Mchana wa kiangazi kwenye lami ya Ujiji huna hata upepo. Waanze asubuhi.

Bibi wa Kasingirima
Jioni. Asubuhi wale kwanza ugali wa muhogo na migebuka, washibe.

Mtoto wa Stesheni
Bibi, wenzangu, nashukuru sana. Naona tutaanzia Mwanga, Ujiji siku ya kwanza, Katonga siku ya pili na mteremko wote kwa miguu. Baiskeli moja nimeazima kwa jirani, ni Phoenix kama ya Fundi. Breki zake bado sijazitazama, na niliyoyasoma hapa yamenikosesha raha.

Fundi Spoku
Usiwapandishe kabla sijaiona. Niko Mwanga, upande wa nyuma ya soko, ulizia fundi wa chini ya mkungu. Raba za breki nitabadilisha zote nne, vyuma nitanyoosha. Pesa sitaki.

Mtoto wa Stesheni
Kesho saa nne nitakuwa hapo. Za inchi 28 unazo?

Fundi Spoku
Hazijawahi kuniishia.