Kuvuka kwa miguu hadi Lindisfarne maji yakipwa

BintiChwaka
Assalaam aleikum jamaa. Nipo Newcastle, Uingereza, mwaka wa tatu sasa. Nimekulia Chwaka, Zanzibar, maji yakipwa tulikuwa tukifuatana na mama hadi mbali kuokota kombe na chaza, kwa hiyo tope si jambo geni kwangu. Mwanangu ana miaka 12, ameona picha za ile njia ya mchangani iliyowekewa nguzo, inayokwenda kisiwani Lindisfarne maji yakipwa, na nataka tuivuke mchana mmoja. Wenzangu kazini wananitisha. Kuna aliyewahi? Tope lake linatitia?

Mpemba_Kaskazini
Waaleikum salaam dada. Nilivuka Septemba iliyopita na mke wangu.

Tulianzia juu, vilima vya Kyloe, saa nne asubuhi. Kule miti michache, ni vichaka vifupi vya maua ya zambarau vilivyokuwa vimeanza kukauka, kondoo, na udongo mweusi unaoshika maji hata siku ya jua. Lipo pango la Mtakatifu Cuthbert, askofu wa zamani wa Lindisfarne. Inasemwa watawa walipumzika hapo na mwili wake walipowakimbia Waviking, wale wavamizi wa baharini. Ukipanda juu yake unaiona bahari yote. Tulikaa pale tukitazama mafungu ya mchanga yanavyochomoza moja moja.

Saa saba na nusu tulikuwa ufukweni. Mwezi ulikuwa nusu, maji mafu, yanapwa kabisa saa tisa na nusu. Barabara ya magari, ya mwaka 1954, inazunguka. Njia ya nguzo inakwenda moja kwa moja, kama kilomita 5. Sehemu kubwa ni mchanga mgumu wa mikunjo unaouma nyayo. Katikati kuna tope la kijivu lililonifika vifundoni, na hori moja ambamo maji yalinifika magotini. Baridi yake si ya kwetu dada, vidole sikuvisikia tena. Halafu tukawasikia sili, wale wanyama wa baharini, kwenye fungu upande wa kusini, wanalia kwa pamoja kama watu msibani. Mke wangu alisimama akaomba dua.

Shika hili: zile saa za usalama zinazotangazwa zimepangwa kwa ajili ya barabara. Wewe wa miguu ondoka maji yakiwa yanatoka, uwe kisiwani kabla hayajaanza kurudi. Vile vibanda vya mbao juu ya nguzo ni vya aliyekwama, usivitie kwenye hesabu yako.

MamaWatatu
Msidhani matope ya huku yote ni sawa. Morecambe Bay, upande wa magharibi, usivuke bila kiongozi. Februari 2004 Wachina wasiopungua 21 walizingirwa na maji usiku wakiokota kombe, wakafa. Walikuwa wanatafuta riziki kama mama zetu. Maji hayaji kwa mbele tu, yanajaza mikondo nyuma yako kwanza.

BintiChwaka
Mungu awarehemu. Mama alikuwa akichomeka kijiti ukingoni mwa maji, akijaza kikapu kidogo anakitazama. Sikujua kama alikuwa anatulinda. Nitakwenda na kijiti changu. Kaka, hiyo hori ya magotini kwako, mtoto wa miaka 12 itamfika wapi?

Mpemba_Kaskazini
Mapajani. Mshike mkono, msiziache nguzo, na mchukulie soksi kavu.