Mjadala: “Kwa kupigwa kwake sisi tumepona.” Je, mgonjwa aache dawa?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Jambo hili nimekaa nalo tangu kabla ya Pasaka, na sasa nalileta tulijadili kwa heshima. Swali langu ni moja. Je, kifo cha Yesu kilimpa mwamini haki ya kuwa mzima wa mwili hapa hapa duniani, leo, kiasi kwamba akibaki mgonjwa kosa ni lake? Mahubiri mengi ninayoyasikia redioni, kwenye mikutano ya viwanjani na kwenye makundi ya WhatsApp yanajibu ndiyo. Mimi nasema hapana.

Dada yangu alikuwa na kisukari kile cha kuchoma sindano, tangu akiwa shule ya msingi. Kwetu Rungwe hatukuwa na friji, kwa hiyo insulini yake ilikaa kwenye chungu kidogo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji, kwenye kona ya jikoni isiyofikiwa na moto. Watoto wote tulijua chungu kile hakiguswi. Alijichoma asubuhi na jioni kwa miaka kumi na mitano, akajifunza ushonaji, akaimba sauti ya pili kwenye kwaya. Baadaye akaanza kuhudhuria maombi ya huduma moja mjini. Jina silitaji, sikuja hapa kushtaki mtu. Huko akafundishwa kwamba Isaya 53:5 inasema “tumepona”, haisemi “tutapona”, na kwamba kila sindano anayojichoma ni kumwambia Yesu mapigo yake hayakutosha. Maneno hayo alinirudia mwenyewe kwenye simu, “hayakutosha”, kwa uchungu wa mtu anayempenda Yesu kweli.

Alhamisi akaweka sindano chini. Ijumaa akawa anakunywa maji hayamwishi kiu. Jumamosi akaanza kutapika. Jumapili alfajiri alikuwa akihema kama mtu aliyepanda mlima, na pumzi yake ilinukia kama ndizi zilizoiva kupita kiasi. Tukamfikisha hospitali. Jumatatu akafariki. Tuliporudi nyumbani nikafunua kile chungu: chupa mbili hazijafunguliwa, na mchanga umelowa. Siku zote nne mama alikuwa akiumwagia maji kimya kimya, endapo mwanawe angebadili mawazo.

Wakati wa matanga, kiongozi mmoja wa ile huduma alikuja kutoa pole. Akasema mbele ya wazee kwamba imani ya marehemu ilitetereka mwishoni. Baba yangu hakumjibu. Mimi namjibu leo, na namjibu kwa Biblia ile ile.

Isaya anasema: “Bali alijeruhiwa kwa makosa yetu, alichubuliwa kwa maovu yetu, adhabu ya amani yetu ilikuwa juu yake, na kwa kupigwa kwake sisi tumepona.” Makosa, maovu, adhabu. Jeraha linalotajwa hapo ni la watu waliomwacha Mungu. Petro naye anaponukuu maneno hayo katika waraka wake wa kwanza, sura ya 2, anaanza kwa kusema Kristo “alizichukua dhambi zetu katika mwili wake juu ya mti”. Na angalieni anawaambia akina nani! Rudini hadi mstari wa 18. Anaongea na watumishi wa nyumbani walio chini ya mabwana wakali, watu wanaopigwa bila kosa. Watu wale walikuwa na alama za fimbo migongoni. Petro hawaambii kwamba wakiamini sawasawa alama zitafutika. Anawaambia yupo aliyepigwa kabla yao, na kupigwa kwake kumewarudisha kwa Mchungaji wao.

Kisha mtazameni Paulo, mtu ambaye kwa mikono yake Mungu aliponya wengi. Katika waraka wa pili kwa Timotheo anaandika: “Trofimo nalimwacha huko Mileto, hawezi.” Hawezi, kwa Kiswahili cha wazee wetu, maana yake ni mgonjwa. Mtume anamwacha mwenzake kitandani na kuendelea na safari, wala hamlaumu kwa imani haba. Timotheo mwenyewe anashauriwa atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yanayompata mara kwa mara. Huo ni ushauri wa tiba kabisa, kwa kadiri ya tiba ya siku zile.

Mimi naamini Mungu anaponya, na nimeona. Ninachokataa ni kuhamishia Ijumaa Kuu ahadi ambayo ni ya Pasaka. Mwili wangu umeahidiwa uzima kamili, nasadiki hivyo kila Jumapili. Wengine husema “kiyama ya mwili”, Wakatoliki husema “ufufuko wa miili”. Lakini Paulo anaandika kwamba adui wa mwisho atakayebatilishwa ni mauti. Wa mwisho. Kwa Warumi anasema bado tunaugua tukingoja “ukombozi wa mwili wetu”. Kwa Waefeso anatumia neno ambalo kila aliyewahi kununua kiwanja analijua: Roho ni arabuni ya urithi wetu. Ukitoa arabuni, kiwanja kimeshikwa, hakuna mwingine wa kukichukua, lakini bado hujahamia. Anayeponywa leo ameonjeshwa urithi. Asiyeponywa hajanyang'anywa chochote, kwa sababu urithi wenyewe bado unakuja. Hata Lazaro alitolewa kaburini kisha siku moja akazikwa tena.

Karibuni. Mniambie nilipokosea.

Mlokole wa Mwanza

Bwana Yesu asifiwe. Kwanza pole sana, mpendwa. Yule aliyesema maneno yale kwenye matanga alikosa hofu ya Mungu, na mimi kama mlokole naomba radhi ingawa simjui.

Lakini siwezi kukuachia hoja yote. Umesoma Petro ukaruka Mathayo. Mathayo 8 inasimulia jioni ile Kapernaumu, mkwewe Petro ameondokewa na homa, wagonjwa wote wameponywa, kisha mstari wa 17 unasema hayo yalitimiza neno la Isaya: “Mwenyewe aliutwaa udhaifu wetu, na kuyachukua magonjwa yetu.” Magonjwa, mpendwa, si dhambi peke yake. Mwinjilisti mwenyewe ameiweka Isaya 53 juu ya homa ya kawaida ya mama mkwe. Sasa ukitufundisha kwamba msalaba ni wa roho tu na mwili ungoje kiyama, umeufanya mwili kuwa mtoto wa kambo. Yesu hakumwambia mwenye ukoma avumilie hadi ufufuo. Alimgusa.

Mimi mwenyewe daktari aliniambia sitapata mtoto. Leo ninao wawili. Dawa nilimeza, na maombi nilifunga. Sijamkataza mtu hospitali hata siku moja. Ila naogopa kanisa ambalo likienda kwa mgonjwa linasoma zaburi, linaacha sukari na sabuni, linaondoka, halithubutu hata kuomba apone.

Muuguzi

Poleni sana kwa msiba. Theolojia nawaachia, mimi nasema ninachokiona kazini. Mwenye kisukari cha aina hiyo akiacha insulini, mwili hauwezi kutumia sukari iliyomo ndani ya damu, unaanza kuunguza mafuta, damu inajaa tindikali. Kule kuhema na ile harufu ya matunda ndiyo dalili yenyewe. Hilo halipimi imani ya mtu. Akikosa insulini kwa sababu ya umaskini au kwa sababu ya mahubiri, mwisho ni ule ule. Na wanaoacha dawa za kufubaza VVU baada ya mikutano hawaanguki siku ya pili. Wanakaa miezi wakijiona wazima, wanatoa ushuhuda, halafu wanaletwa kwetu wakiwa wamekwisha. Waliokuwa wakipiga makofi wakati wa ushuhuda huwa hawapo.

Ombi langu kwa watumishi wote: mwambieni mtu arudi kliniki apimwe. Kama Mungu amemponya, kipimo kitasema.

Msomaji kutoka Kilifi

Habari zenu ndugu zangu wa Bara. Huku kwetu jambo hili si la maneno. Mwaka 2023 msitu wa Shakahola ulifukuliwa, ikatolewa miili zaidi ya 400, watoto wakiwemo. Waliaminishwa kufunga hadi kufa ndiyo njia ya kukutana na Yesu. Mtu anapoleta mada ya kifo cha Kristo, mimi naona tu yale makaburi mafupi mafupi. Swali langu kwa mleta mada: wewe unasema tungoje ufufuo. Wale nao waliambiwa uzima uko ng'ambo. Tofauti yako na wao ni ipi?

Mchangiaji Muislamu

Assalaam aleikum. Sisi tunaamini Nabii Isa hakusulubiwa, na mnalijua hilo, sitaki kuligeuza kuwa bishano hapa. Nimeingia kwa sababu huku kwetu pia wapo wanaomwambia mgonjwa akiwa na yakini hahitaji hospitali. Mtume wetu alifundisha kwamba Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Mleta mada, Mungu akupe subira, na mama yako pia.

Mleta mada

Ahsanteni. Muuguzi, umenieleza katika mistari michache kitu ambacho nyumbani tulikitazama siku nne bila kukijua. Ndugu Muislamu, amina, nimemfikishia mama salamu zako.

Ndugu wa Kilifi, swali lako limenikosesha usingizi, na ni haki liulizwe. Tofauti yangu na wale ni mwili. Wao walifundishwa kwamba mwili ni kizuizi, ukiuvua ndipo unamwona Bwana. Sasa fungua Luka 24. Yesu aliyefufuka anawauliza wanafunzi kama wana chakula, wanampa kipande cha samaki wa kuokwa, anakula mbele yao. Katika Yohana 20 anamwonyesha Tomaso mikono na ubavu. Kaburi lilikuwa tupu kwa sababu Mungu hakuuacha mwili ule ule uliopigwa. Mtu anayeamini hivyo hawezi kumnyima mtoto uji kwa jina la Yesu. Aliyemfundisha dada yangu alimwambia mwili wake umekwisha kukamilika. Aliyewafundisha wale aliwaambia mwili hauna kazi. Pande zote mbili zimeishia kwenye jeneza, na zote zilikuwa na Biblia mkononi.

Ndugu wa Mwanza, hoja yako ya Mathayo ni nzito na sikuipa haki yake. Nakubali. Nilikosea kuandika kana kwamba Isaya anahusu dhambi peke yake. Lakini naomba uone jambo moja: jioni ile ya Kapernaumu msalaba ulikuwa bado haujasimama. Mathayo anaona uponyaji ule kuwa kazi ya Mtumishi anayebeba mizigo yetu tangu siku za kutembea kwake, na hakuna pahali anasema tangu hapo kila mwamini ana hati ya kudai. Kuomba tuombe, na kwa nguvu! Yakobo ameagiza wazee waitwe, mafuta yapakwe. Na lile ulilosema kuhusu sukari na sabuni limenichoma, kwa sababu ndivyo tulivyokuwa. Kwa miaka kumi na mitano kanisa letu halikuwahi kumwekea dada yangu mikono. Huenda alikwenda kule mjini kutafuta watu watakaomshika kichwa na kulia naye.

Mlokole wa Mwanza

Amina, hapo tumekutana. “Hati ya kudai” bado nalitafakari, sijakubali. Lakini kesho kwenye ibada ya wagonjwa nitasema kwa sauti kwamba kila mtu aje na kadi yake ya kliniki na aondoke nayo. Nikuulize la mwisho: Pasaka iliyofuata mlifanyaje? Kwa sababu kwetu mtu akifa tukiwa tumemwombea, huwa hatumtaji tena. Kanisa zima linanyamaza.

Mleta mada

Mkuu, umeuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sisi Wamoravian, Pasaka tunaamkia makaburini. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, na wamisionari walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na kanisa lenye desturi hiyo. Jumamosi akina mama wanapalilia makaburi. Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, ukungu bado umelala kwenye migomba, matarumbeta yanaanza, watu wanatoka majumbani na taa zao wanakusanyika katikati ya wafu wao kungoja jua. Liturujia ya asubuhi hiyo ina sehemu ya kuwakumbuka ndugu waliolala tangu Pasaka iliyopita. Haisemi nani alikuwa na imani kubwa na nani ndogo. Inasema wameingia katika furaha ya Bwana wao, na inaomba tuwe na ushirika nao milele.

Mwaka ule alfajiri ilikuwa na baridi kali. Mama alikuwa amepalilia mwenyewe, hakutaka kusaidiwa. Mchungaji akasoma majina. La dada yangu lilikuwa la nne. Baba, ambaye tangu matanga hakuwa amesema neno lolote kuhusu jambo lile, akaitika kwa sauti kubwa kuliko mtu yeyote pale: “Bwana amefufuka kweli kweli!”